Kaka Anataka Muhuri wa Programu Niliyoijenga kwa Simu

Mshauri wetu mpendwa,

Nakuomba unisaidie, na kabla ya hapo nakuomba unisome mpaka mwisho, kwa sababu nyumbani kwetu sijawahi kumaliza sentensi ndefu bila mtu kuidaka katikati, na ndiyo maana shuleni waliniita Kimya na jina hilo limenifuata hadi leo, miezi minne tangu nimalize masomo. Kusema siwezi. Kuandika naweza.

Mama yangu ni fundi cherehani. Ana chumba kimoja katika safu ya mafundi, mlango wa tano, na ndani mna meza ya kukatia, cherehani moja, na kitu anachokiita daftari la vipimo, ambalo kwa kweli ni madaftari matatu yaliyoshonwa pamoja kwa uzi mweusi na kulowa mafuta ya cherehani. Mama haandiki majina ya wateja, anaandika anavyowajua yeye: muuguzi, muuguzi mnene, shemeji wa kinyozi, mwalimu, mwalimu mwingine. Sasa huyo "mwalimu mwingine" ndiye chanzo cha yote haya, maana mama alimshonea mwalimu mkuu wetu gauni kwa vipimo vya mwalimu mwingine, na mwalimu mkuu akalivaa siku ya wazazi, akainua mkono kuwanyamazisha wanafunzi, bega zima likaachia mbele ya watu. Nilikuwepo, nilikuwa darasa la mwisho. Ile sauti ya mshono ukiachia bado naisikia.

Basi nilipomaliza shule nikasema nitatengeneza programu ya kutunza vipimo vya mama. Sina kompyuta. Nyumbani ipo moja, ya kaka yangu, ambaye anasoma mambo ya kompyuta chuoni, na siku ilipoingia kompyuta ile, cherehani ya pili ya mama ilitoka kuuzwa, na mimi siruhusiwi hata kuifuta vumbi. Ninachomiliki ni simu, kioo chake kimepasuka pembeni kama utando wa buibui, lakini nilipata programu ya bure inayomwezesha mtu kuandika msimbo ndani ya simu yenyewe na kuugeuza uwe programu kamili hapo hapo, bila kompyuta, bila waya wowote. Msimbo ni maagizo unayoiandikia simu mstari kwa mstari, na simu haina huruma, ukisahau alama moja inakataa kazi yote.

Nikueleze kidogo ninavyofanya, si kwa kujisifu, ila ujue kwamba sichezi. Kwanza naandika kwa penseli kwenye daftari langu la hisabati lililobaki na kurasa, kwa sababu kibodi ya simu ikijitokeza inakula nusu ya kioo na mimi nabaki kuona mistari sita tu, halafu yale mabano ninayoyahitaji kila dakika yamefichwa ukurasa wa tatu wa kibodi, kwa hiyo vidole gumba vyangu vimeijua njia ya kwenda huko jinsi vidole vya mama vinavyolijua tundu la sindano. Nikimaliza nafunga kila kitu kingine, navua simu kava lake, natambaa chini ya meza ya kukatia ambako sakafu ya saruji haipati jua, naiweka simu pale chali, nabonyeza "jenga", nasubiri. Dakika saba. Simu inapata moto kweli kweli, na ikizidi inajizima naanza upya. Siku ilipokubali kwa mara ya kwanza nilikuwa nimekaa pale na vipande vya vitambaa kichwani, na kwenye kioo kikatokea kijialama cha futi ya kupimia nilichokichora mwenyewe, nikaanza kulia, mama akauliza kutoka juu ya meza, "Umejichoma sindano?" Nikasema ndiyo, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Sasa hivi unamwandika mteja kwa jina au sifa yake, unampiga picha, unajaza bega, kifua, kiuno, nyonga, mkono na urefu, na programu inakuambia unahitaji kitambaa kiasi gani. "Mwalimu mwingine" ana sura yake na mwalimu mkuu ana yake. Mama alianza kwa kuguna akaishia kuitumia, Mama Zipu wa mlango wa sita akaitaka, huyu anaitwa hivyo kwa kuwa hakuna zipu iliyowahi kumshinda, na kabla mwezi haujaisha ilikuwa imeingia kwenye simu kumi na moja za safu yetu.

Hapa kuna jambo ninalolionea aibu, nalo ni langu peke yangu.

Programu yoyote ukiijenga inapigwa muhuri. Muhuri ni faili dogo la siri, na simu ya mtu haikubali toleo jipya likae juu ya la zamani mpaka ione muhuri ni ule ule. Mimi sikujua kwamba muhuri wangu ulikuwa unakaa ndani ya ile programu ya kuandikia. Simu yangu ilijaa, nikaifuta ile programu nikiwa na nia ya kuirudisha siku hiyo hiyo, msimbo nilikuwa nimeuhifadhi pembeni lakini muhuri sikuuhifadhi, ukapotea nao. Niliporudisha nikapewa muhuri mwingine, nikajenga toleo jipya, na simu zote kumi na moja zikalikataa. Ilibaki njia moja tu, kufuta la zamani na kuweka jipya, na ukifuta la zamani vipimo vyote vinaondoka nalo. Nilizunguka mlango kwa mlango siku mbili nikinakili vipimo kwa mkono kabla ya kufuta, lakini nilipofika kwa Mama Zipu alikuwa ameshafuta mwenyewe, vipimo vya wateja arobaini vimekwenda, akaniuliza, "Mwanangu, nimekosea wapi?" Nami nikamjibu kwamba simu yake imejaa mno ndiyo maana. Sijui hata maneno hayo yalitoka wapi. Mama Zipu akaniamini. Ili simu yake ipate nafasi akafuta picha zote za harusi ya binti yake.

Haya, mwezi huu mwenyekiti wa chama cha mafundi akapita dukani kwetu, akamkuta mama anamtafuta mteja kwenye simu, akaichukua akaiangalia kwa muda mrefu miwani ikiwa kwenye paji la uso.

"Nani kaitengeneza hii?" akauliza. "Yule kijana wako wa kompyuta?"

Mama akakohoa. "Watoto wangu wanasaidiana, mwenyekiti."

"Basi Jumamosi ya mwisho ya mwezi aje mkutanoni atuoneshe. Tuko mafundi tisini, kila mmoja analia na daftari lake."

Mimi nilikuwa chini ya meza. Nilisikia kila neno.

Tulipokaa kula kaka akaniambia, kama mtu anayeomba chumvi, "Nipe msimbo wako na huo muhuri. Nitauingiza kwenye kompyuta, niusafishe, Jumamosi nikaioneshe."

"Usafishe nini?"

"Wewe unadhani watu wazima tisini watamsikiliza mtu aliyeandika programu kwa vidole gumba chini ya meza? Programu inaandikwa kwa kompyuta, Kimya. Simu ni ya kupiga na kupokea."

"Mbona inafanya kazi?"

"Hata saa iliyosimama ukiitikisa inafanya kazi."

Mama akaingilia, tena kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. "Mwanangu, wewe mbele ya watu hata salamu inakukwama kooni. Mwache kaka yako aseme. Akipata kazi kwa ajili ya hii tumepata sote, damu si ni moja?"

"Basi aseme ni yangu."

Kaka akacheka. "Nikisema ni yako wataniuliza mimi nimesimama pale kufanya nini."

Nikasema, "Sitoi." Mama akaweka kijiko chini. Nikasema tena, "Sitoi," halafu mara ya tatu, nikaondoka kwenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa zamu yangu.

Mwishowe msimbo nilimpa, mama alinibembeleza hadi nikaona haya, lakini muhuri sikumpa, na bila muhuri hawezi kuweka toleo lake juu ya langu kwenye simu ya fundi hata mmoja. Baada ya siku tatu kaka akanifuata dukani, akachungulia chini ya meza, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huu mstari wa arobaini na mbili unafanya nini?"

"Unaongeza kitambaa cha pindo la suruali."

"Na kwa nini unazidisha mara mbili?"

"Kwa sababu mtu ana miguu miwili."

Akaondoka. Jioni ile akarudi na maneno mengine. Akasema nisipompa muhuri kabla ya Jumamosi atamwambia Mama Zipu ni nani hasa aliyesababisha afute picha za harusi, siri niliyomweleza mimi mwenyewe, tuone kama kuna fundi atakayeniamini tena na simu yake. Mama haniongeleshi. Ananiwekea sahani na kugeuka.

Mshauri, nimejiuliza kama hiki ni kiburi. Labda ningekuwa mtoto mwema ningetoa, nikakaa zangu kimya kama jina langu, kaka akasifiwa na mama akafurahi. Lakini kila nikitaka kutoa nakumbuka ile sakafu, na zile dakika saba, na nasikia hasira ambayo sikujua ninayo. Kila mstari wa ile programu umepita kwenye vidole hivi viwili. Kwa nini isiwe programu mpaka iguse meza ya mtu mwenye kompyuta? Sitaki kuisafisha. Haina uchafu. Ila naogopa uso wa Mama Zipu kuliko ninavyoogopa mafundi tisini, na nikisimama mbele yao nitatetemeka, hilo nalijua.

Niambie nifanye nini, na kama nimekosea niambie pia.

Ni mimi Kimya, wa mlango wa tano.

JIBU LA MSHAURI

Kimya mwanangu,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, halafu nikakusoma tena nimesimama jikoni, chai ikanichemkia. Sasa kaa vizuri uambiwe.

Muhuri usitoe. Hilo tulimalize hapa hapa ili usisome jibu hili huku roho iko juu. Si kiburi. Kiburi ni kudai usichokifanya, na katika nyumba yenu anayetaka kufanya hivyo si wewe. Mama yako anasema damu ni moja, na kweli ni moja, lakini vidole gumba ni vyako.

Na hilo la kwamba programu haiwi programu mpaka iandikwe kwa kompyuta, nikuambie siri ya safu hii ya gazeti. Naiandika kwa simu. Mwaka wa nne huu, kwenye foleni ya benki, saluni kichwa kikiwa na dawa, na leo jikoni. Mhariri wangu hajawahi kuniuliza nimeandikia kwenye nini. Anauliza kitu kimoja tu: imekwisha?

Hayo ndiyo ya kukufurahisha. Sasa yale mengine.

Ulimdanganya mama wa watu. Usiniambie maneno yalitoka yenyewe, hakuna maneno yanayotoka yenyewe kwa mtu anayeitwa Kimya. Kupoteza muhuri ni kosa la mtu anayejifunza, wala sikulaumu, lakini kumwacha Mama Zipu aamini simu yake ndiyo mbovu, akafuta harusi ya mwanawe kwa mkono wake mwenyewe ili kuziba kosa lako, hilo ni deni la aina nyingine. Na angalia lilivyokugeukia. Kaka yako hana cha kukutishia isipokuwa hicho ulichomkabidhi wewe.

Kwa hiyo leo, si kesho, nenda mlango wa sita. Usimtumie ujumbe. Najua tayari ulishaanza kuutunga kichwani, ufute. Simama mbele yake umwambie: simu yako haikuwa na tatizo, kosa lilikuwa langu, na nilikudanganya. Atafoka. Mwache afoke, usilie kabla yake. Akimaliza, mwulize ni nani walipiga picha siku ile. Harusi haina simu moja. Kuna mpiga picha, kuna mashangazi, kuna jirani aliyepiga picha keki tu. Wafuate mmoja mmoja, na kila picha utakayoipata mrudishie. Hutazipata zote, na hilo utalibeba.

Kosa la pili hukuliona hata ulipoliandika. Mwenyekiti aliuliza nani kaitengeneza, na wewe ulikuwa hatua mbili kutoka kwenye viatu vyake. Hukutoka. Mama yako alikohoa, akasubiri kidogo, akajibu alivyoweza. Mimi ni mama, nakijua kikohozi hicho. Unamlaumu kwa kukuficha, na wewe ulikuwa umejificha! Aibu si dhambi, mwanangu, ila usiifanye meza ya kukatia ukaishi chini yake.

Kuhusu kaka yako, usimchukie. Nilivyokusoma, huyo ni kijana ambaye kila siku anaiona pale dukani nafasi ilipokuwa cherehani ya pili, na hajapata bado cha kuijaza. Hiyo inauma. Haimpi haki ya kuchukua cha kwako. Mwambie mbele ya mama yenu: kazi ipo, njoo tufanye wote, mafundi tisini wana simu tisini za kila aina, mtu mmoja hawezi kuzijaribu zote, na jina lako litaandikwa kwenye ulichofanya. Akikataa, amekataa. Akimkimbilia Mama Zipu na siri hiyo, atakuta umeshafika.

Nimemwuliza rafiki yangu anayefanya kazi kama yako. Amesema muhuri ukae sehemu tatu na neno lake la siri likae kichwani mwako. Weka mmoja kwenye kadi ya kumbukumbu, mmoja kwenye barua pepe yako, na wa tatu kwenye simu ya mama yako. Ndiyo, ya mama yako, na umweleze ni kitu gani, kwa sababu nadhani hakuna aliyewahi kumweleza. Amesema pia uongeze kitufe cha kutoa vipimo vyote nje ya programu, ili fundi asitegemee tena kumbukumbu yako nzuri. Fanya hivyo kabla ya Jumamosi.

Sasa Jumamosi. Usiandae hotuba. Wewe si mtu wa hotuba na mafundi si watu wa kuzisikiliza. Ingia na simu yako na daftari lako la hisabati, uwaulize swali moja tu: mnataka kipimo gani kiongezwe? Mmoja atasema kola, au mzunguko wa paja, sijui. Keti hapo hapo mbele yao ukiongeze. Utatetemeka, tetemeka, vidole vyako vinaijua njia ya ukurasa wa tatu hata vikitetemeka. Vua simu kava, ilaze kwenye sakafu, bonyeza, na usubiri dakika zako saba. Wataguna, watacheka, mwingine atasema imekufa. Usimjibu. Ikiwaka, mpelekee Mama Zipu aijaribu wa kwanza, kama atakuwa amekubali kukaa mstari wa mbele.

Mwenyekiti akiuliza kompyuta iko wapi, mwoneshe sakafuni kwa kidole.

Na akiuliza tena nani kaitengeneza, safari hii utakuwa umesimama wima na anakuona. Ulishaweza kusema "sitoi" mara tatu mbele ya mama yako. "Mimi" ni neno fupi zaidi. Liseme.